Ukurasa wa Visima

Wadogo zangu, mwalimu wenu wa ufundi aliponiomba niwaandikie maneno machache kama mstaafu, nilicheka, kisha nikaenda kujitazama kwenye kioo. Sina mvi. Nina miaka thelathini na kidogo, na baadhi yenu mna kaka walionizidi umri. Lakini ni kweli nimestaafu. Mshipi wa kupandia milingoti nimeutia kwenye kapu nyuma ya mlango wa jikoni hapa Kitengela, na kuku mmoja ameanza kutagia humo. Sijamfukuza.

Kazi yangu ilikuwa kusambaza mtandao kwa hewa. Niliuchukua mjini ulikofikia kwa waya, nikaurusha kutoka paa hadi kilima, na kutoka kilima hadi paa lingine, mpaka ukawafikia watu wa Isinya na Kajiado ambao kampuni kubwa zilikuwa hazijawakumbuka. Nitawaeleza nilivyoifanya. Hasa nitawaeleza kuhusu ukurasa mmoja nilioombwa kuufunga, kwa sababu ninyi pia mtaombwa, na mara nyingi mwombaji huwa mtu mpole.

Kwanza mnijue. Mimi ni mtu wa wasiwasi. Nikifunga mlango narudi kushika kitasa. Nikituma ujumbe nausoma tena baada ya kuutuma, wakati hauna msaada. Sikusoma chuo chochote, na kwa miaka mingi niliamini kwamba siku moja mtu mwenye cheti angeingia, aangalie waya zangu, na kutangaza mbele ya wateja kwamba Nyambura hajui anachofanya. Kwa hiyo nilifunga waya zangu vizuri kuliko mtu yeyote. Kila moja ilikuwa na karatasi ndogo yenye jina. Mwenzangu alikuwa akisema waya zangu zimevaa kuliko yeye.

Nilianzia kwenye saiba moja karibu na steji, nikichapishia watu vyeti na kuwafungulia barua pepe. Ruta ikisumbua, mwenye saiba aliipiga kofi. Nikaanza kutafuta namna ya kuitengeneza bila kofi. Nilijifunza kwa video, na kwa kuuliza maswali kwenye kurasa za mafundi wa nchi nisizozijua, watu ambao hatujawahi kuonana na ambao walinijibu bure hata nilipouliza upuuzi. Hakuna aliyesimama katikati kuamua ni jibu lipi linanifaa. Kila nilichokijua kilinifikia kupitia mlango uliokuwa wazi. Wakati huo sikulifikiria hilo. Samaki hafikirii maji.

Aliyenitoa kwenye saiba ni Mzee Macharia, fundi wa antena za televisheni tangu zile zilizofanana na mifupa ya samaki. Alinikuta nikisoma, akaniambia, "Wewe unasoma sana. Njoo upande." Nilipanda, nikashuka, nikatapika, nikapanda tena. Yeye ndiye aliyenifundisha kioo, nami nawarithisha ninyi. Antena mbili za kazi yetu lazima zionane. Kilima kikiingia katikati, hakuna ujanja. Sasa, kabla hujabeba vyuma vyote mpaka kileleni, mtume mwenzako aende na kioo cha kunyolea, asimame pale mtakapoweka antena ya pili, alielekeze jua upande wako. Cheche ikikupiga jichoni, mstari upo. Isipokupiga, shuka ukanywe chai, hakuna kazi hapo. Siku hizi kuna programu za simu zinazochora vilima vyote. Nilizitumia, na moja iliwahi kunificha mgunga mzima. Kioo hakijawahi kunificha kitu.

Aliyekuwa akishika kioo upande wa pili ni Saitoti. Huyo ndiye mwenzangu niliyemtaja, kijana wa karibu na Kajiado aliyekuja kuniomba kazi ya kubeba vyuma na akaishia kuwa mshirika. Alivijua vilima vyote kwa sababu alichunga mbuzi juu yake akiwa mdogo. Tuligawana kazi hivi: mimi niliogopa, yeye akapanda. Mimi nikamfundisha vifaa, yeye akanifundisha kwamba waya ukiupaka mafuta ya gari yaliyotumika, mbuzi hautafuni. Jambo hilo hakuna mtu aliyeliandika kwenye kurasa zangu za mafundi. Niliwaandikia mimi, na jamaa mmoja wa mbali akanijibu kwamba kwao ni kondoo.

Kilima chetu kikuu kilikuwa cha mama yake, Yeyo Nasieku. Yeyo ni mama kwa Kimaasai, nami nilimwita hivyo kwa sababu alikataa nimwite madam. Anauza mbuzi katika soko la Kajiado na ana sauti ya kazi hiyo. Akinong'ona, jirani anaitika. Tulipomwomba mahali pa kusimamisha mlingoti nilikuwa nimejiandaa kwa mazungumzo ya kodi. Hakutaka kodi. Alitaka kila anayepita bomani kwake apate mtandao bila kuulizwa neno la siri.

Wadogo zangu, kwangu mimi mtandao usio na neno la siri ni sawa na choo kisicho na mlango. Nilimweleza hatari zote. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kwamba bomani kwake mtu hapiti bila maji na bila habari, na kama chuma changu kinabeba habari basi kitafuata sheria ya boma, au nikipeleke kwa jirani. Jirani alikuwa bondeni. Nilishindwa.

Na habari kwa Yeyo hazikuwa jambo la mchezo. Mkikutana, hakuna kusema "nzuri" na kupita. Habari, ilomon kwa Kimaasai, zinatolewa zote: ulipolala, ulipopita, majani yako namna gani, mvua imegusa wapi, nani mgonjwa, nani amejifungua, ng'ombe wa nani wamehama. Anayesikiliza anaitikia kila hatua, halafu zamu inageuka. Mara yangu ya kwanza nilimwambia nimetoka Kitengela na huko ni kuzuri. Akaningoja. Nikaongeza kwamba barabara ilikuwa na vumbi. Akasema, "Umeruka kitu." Sikujua nimeruka nini. Nikaanza upya, na nilipofika kwenye punda aliyelala kando ya barabara ya Namanga, Yeyo akashtuka: punda wa rangi gani? Alikuwa wa shemeji yake, amepotea tangu juzi.

Tangu siku hiyo sikumcheka tena.

Sasa ukurasa. Ulikuja na ukame. Walimu wawili wa shule ya msingi ya kule walifungua ukurasa wakauita Kisima Kiko Aje. Ulikuwa mwepesi kabisa: ukipita kwenye kisima, piga picha, andika kama kina maji, kama mota inafanya kazi, na foleni ya mifugo ina urefu gani. Mimi nilipouona mara ya kwanza nilitaka kuupanga. Picha zilikuwa zimelala upande, na mtu mmoja alipenda kuandika kwa herufi kubwa tupu kama anayeita kutoka ng'ambo ya mto. Lakini wachungaji waliufungua asubuhi kabla ya kufungua zizi, kwa sababu ng'ombe aliyedhoofika unampeleka kwenye maji mara moja tu. Ukimpeleka kwenye kisima kikavu, huna nguvu zake za kumpeleka kingine.

Sisemi kila kilichowekwa pale kilikuwa kweli. Siku moja mtu aliandika kwamba kisima fulani kimetiwa sumu. Kabla sijamaliza kuhangaika, mwenye duka la karibu na kile kisima alikuwa amejipiga picha akinywa maji yake kwa kikombe, na mchungaji mmoja akaandika kwamba harufu inayosikika pale ni ya dawa aliyomwaga mtu aliyekuwa akiogesha mbuzi. Uongo ulikufa mahali pale pale ulipozaliwa, mbele ya watu wale wale waliousikia. Nilikuja kulikumbuka hilo baadaye.

Tatizo ni kwamba visima vingine vilikuwa vimezinduliwa kwa utepe na hotuba, na picha za uzinduzi zilikuwa bado zinazunguka. Sasa zikaanza kukaa kando ya picha za mifereji mikavu ya kunyweshea mifugo. Na uchaguzi mdogo ulikuwa unakaribia.

Alinipigia Bwana Koinet, afisa wa ofisi moja pale Kajiado ambayo sitaitaja. Msimfikirie mtu wa kutisha. Alikuwa mteja wetu, mtu wa heshima, mwenye tabia ya kuuliza kwanza kuhusu mgongo wa mama yangu. Akauliza kuhusu mgongo. Halafu akasema ule ukurasa unachochea watu, na wakubwa wangefurahi kama ungepumzika kidogo, mpaka uchaguzi upite. Watu wengi wa upande ule walikuwa wanapitia kwangu. Nikamuuliza, kwa sauti ambayo naikumbuka ilikuwa ya mtoto, mbona hawaendi kwa kampuni kubwa.

"Hao wakubwa wanataka karatasi ya mahakama," akasema. "Wewe si ni mtu wetu?"

Kisha akataja kwa upole kwamba antena yetu ya Kajiado mjini iko juu ya paa la jengo la ofisi yao, na kwamba hajawahi kuona shida nayo.

Mnielewe vizuri. Niliogopa, lakini si hofu peke yake iliyonisukuma. Nilipokata simu nilianza kufikiria jinsi kitu hicho kinavyofanywa, na kikawa swali la ufundi, na mimi swali la ufundi haliniachi nilale. Nilikuwa nimeshasoma mahali kwamba watu wengi wakiambiwa kufunga ukurasa mmoja hufunga anwani ya seva nzima, na kurasa nyingine zisizo na hatia zinazokaa kwenye seva hiyo zinapotea pamoja nao. Kazi ya ovyo. Nikajiambia kwamba kama ni mimi, ningeufunga ule peke yake bila kugusa kingine.

Nikakaa nikaandika amri. Namna inavyofanya kazi ni hii: simu yako inapotaka ukurasa, kwanza inauliza uko wapi, na kifaa changu ndicho kinachojibu. Amri yangu ilikiambia kifaa kwamba kikiulizwa Kisima Kiko Aje, kijibu kuwa hakuna kitu kama hicho duniani. Kitu kingine chochote kijibu kweli. Niliijaribu kwa simu yangu peke yake, nikaielekeza kwake tu. Nikafungua ukurasa: haupo. Nikafungua kurasa nyingine: zote zipo, zinakwenda kasi. Ilikuwa mistari michache, safi, haina mkwaruzo. Nilitabasamu. Ndiyo, nilitabasamu peke yangu mezani kama mtu aliyepika chapati zikaumuka.

Halafu simu ikaita, mteja wa Isinya hana mtandao, nikainuka nikaenda. Sikumwambia Saitoti lolote.

Wiki ile ile twiga alituharibia kazi. Twiga wana tabia ya kujikuna, na nyaya zinazoshikilia mlingoti wa kilimani zilikuwa na urefu uliompendeza mmoja wao. Nguzo moja ya kushikilia waya iling'oka. Tukapakia saruji na mchanga kwenye gari, mitungi mitupu nyuma, tukaondoka kwenda kuimimina upya. Maji tungechota njiani. Saitoti alikuwa anaendesha, akaniomba niangalie ukurasa tuchote wapi. Nikaufungua, ukakataa. Nikasema mtandao umelala, bila shaka ni kwa sababu ya mlingoti uliolegea. Mimi, fundi wa mtandao, nilisema hivyo bila hata kufungua ukurasa wa pili ili kuhakikisha. Nikakumbuka kwamba siku chache nyuma kisima cha darajani kilikuwa na maji, nikamwambia akate kona ya darajani.

Tulifika tukakuta mfereji mkavu, mweupe, na nyuki wawili wakitembea ndani yake. Msichana mmoja alikuwa anapita na mbuzi wake wachache, akielekea upande mwingine. Saitoti akamsalimia, akamuuliza maji yamekwenda wapi.

"Si mota ilichomeka juzi," akasema. "Iko kwa ukurasa. Kwani nyinyi hamna simu?"

Akaangalia gari letu, lenye picha ya antena mlangoni na maneno makubwa ya mtandao wa kasi, akaendelea na mbuzi wake.

Saitoti akatoa simu yake. Ukurasa ukafunguka mara moja. Picha ya kwanza ilikuwa mfereji ule ule tuliokuwa tumesimama mbele yake, na chini yake yule mtu wa herufi kubwa ameandika: MSIJE DARAJANI.

"Yako iko na shida gani?" akaniuliza.

Ndipo nikakumbuka. Nilimweleza yote: simu ya Bwana Koinet, paa la ofisi, amri, jinsi nilivyoijaribu kwa simu yangu na kuisahau. Nilieleza vibaya, nikianzia katikati. Saitoti alinisikiliza, kisha akaketi kwenye ukingo wa mfereji akacheka mpaka akashika mbavu. Alisema katika Kajiado nzima serikali imefanikiwa kumzuia mtu mmoja kupata habari, na mtu huyo amejizuia mwenyewe, bila mshahara.

Nilicheka pia. Kulikuwa na nini kingine cha kufanya? Nikaizima amri pale pale kwa kutumia simu yake, ukurasa ukarudi kwangu, na kisima cha kanisani kilikuwa na maji.

Tulipokuwa tukirudi barabarani Saitoti hakuwa anacheka tena. Akasema, "Leo ilikuwa sisi na mitungi. Ingekuwa ni ng'ombe wa yeyo?"

Niliangalia nje dirishani. Mpaka wakati ule nilikuwa nikilifikiria jambo lile kama swali la antena yangu na paa la ofisi. Sikuwa nimefikiria kwamba amri yangu ingefanya kazi kimya hivyo. Kama ukurasa ungefungwa kwa tangazo, mchungaji angejua amenyimwa, angempigia mwenzake. Lakini amri yangu nzuri haikusema umefungwa. Ilisema hakuna kitu. Hata mimi niliyeiandika niliiamini.

Nilimpigia Bwana Koinet kumwambia sitaweza, nikaishia kusema tungeongea tukionana. Akasema vyema, Alhamisi angekuwa anazungukia visima na angepitia kwa Yeyo Nasieku, ambaye ni mtu wa ukoo wa mkewe. Nilikuwa na siku za kujiandaa, nikajiandaa kupita kiasi. Niliandika hotuba. Ilikuwa na katiba ndani yake, pale inaposema kila mtu ana haki ya kutafuta, kupokea na kutoa habari. Niliihifadhi kichwani kama shairi la shule.

Alhamisi alifika, akainamisha kichwa Yeyo akamgusa utosini kama mtoto, ingawa kichwa chenyewe kina upara. Tukaketi ndani, Saitoti kando yangu. Chai ikaja. Akanigeukia, nami nikafungua mdomo kuanza hotuba, lakini Yeyo alikuwa bado hajapewa habari.

Basi Bwana Koinet akazitoa. Alilala kwake Kajiado. Watoto wako shule. Mvua haijagusa. Ng'ombe wake kawapeleka kwa kaka yake Loitokitok. Barabara ni ile ile. Yeyo alikuwa akiitikia kila hatua, na mimi nikihesabu pumzi zangu.

"Umepita darajani?" Yeyo akauliza.

"Nimepita."

"Na?"

"Nikaja hapa."

"Umeruka kitu," Yeyo akasema.

Bwana Koinet akanywa chai. Nilimwona akitafuta njia ya kando na kuikosa, kwa sababu amelelewa katika boma kama lile, na huwezi kuketi kwa mama wa ukoo wa mkeo ukinywa maziwa yake huku umemficha habari ya maji. Akasema mota imechomeka. Yeyo akauliza imechomeka vipi. Akasema ilifungwa ndogo kuliko ile iliyotakiwa. Yeyo akauliza ile kubwa iko wapi. Akasema hiyo haijanunuliwa, na kwamba aliyekuja kuzindua alijua. Alisema mengi kuliko picha zote za ule ukurasa. Alipomaliza alifuta paji la uso, na kusema kweli alionekana kama mtu aliyeshusha mzigo.

"Hizo ndizo habari," Yeyo akasema, akammiminia chai ya pili. "Sasa huyu mtoto alikuwa anataka kukuambia kitu tangu ukae."

Hotuba ilikuwa imepotea yote. Katiba, aya, kila kitu. Nikasema nilichokuwa nacho.

"Sifungi, Bwana Koinet. Kama kuna uongo kwenye ukurasa, andika pale pale kwamba ni uongo, watu watasoma. Kama ni jambo la mahakama, nenda mahakamani, na mimi nisikizwe. Lakini kunipigia tu simu, hapana."

"Wakubwa wataniuliza kuhusu ile antena," akasema.

"Waambie nitaishusha."

Sijui maneno hayo yalitoka wapi. Saitoti alikohoa. Bwana Koinet akasema atafikisha ujumbe, akamaliza chai yake, na wakati wa kuondoka akaniuliza tena kuhusu mgongo wa mama.

Ujumbe ulifika, maana siku chache baadaye tuliambiwa tutoe vyuma vyetu kwenye paa lile. Hakuna aliyetutukana. Walituandalia hata ngazi. Kajiado mjini ikakaa bila mtandao wetu, na mimi nikaandika sababu kwenye ukurasa, wazi, bila kupamba: tuliombwa kuufunga ukurasa huu, tumekataa, sasa tunatafuta paa. Wateja wengine walituhama na siwalaumu. Mtu ana maombi ya kazi ya kutuma, hawezi kungoja msimamo wangu. Lakini mwanamke mwenye kinu cha posho upande wa pili wa soko akajibu kwamba paa lake ni refu, mradi tusiogope unga.

Saitoti akachukua kioo akaenda kinuni. Mimi nikapanda kilimani kwa Yeyo nikasimama kando ya mlingoti nikiangalia mji. Nilisubiri. Sijawahi kusali hivyo katika kazi. Kisha kutoka katikati ya mabati yote yale cheche moja ikanipiga jichoni, ikapotea, ikanipiga tena. Nililia kidogo. Macho yalikuwa yanauma kwa jua pia, nisije nikajipamba.

Uchaguzi mdogo ulikuja ukapita. Watu walipiga kura wakijua visima vyao viko namna gani, wengine wakawachagua wale wale, na hiyo ni haki yao. Ukurasa haukuleta vita. Kilichonishangaza ni kwamba siku moja kulitokea jibu chini ya picha ya kisima cha darajani, kwa jina kamili la Bwana Koinet na cheo chake: mota kubwa imeagizwa, fundi atafika wiki ijayo, msiwalete wanyama bado. Yule mtu wa herufi kubwa akamwandikia, ASANTE MZEE. Fundi hakufika wiki ile. Bwana Koinet akaandika tena kueleza kwa nini. Mpaka leo huandika, na watu humkaripia, naye huwajibu, na siku moja aliniambia kwamba zamani simu za kumtukana zilikuwa nyingi zaidi.

Wadogo zangu, sasa nyaya za kampuni kubwa zimefika hadi kwenye mitaa ya nyuma ya Kitengela, na kule kwenye mabonde watu wanaweka sahani za setilaiti. Mtandao wetu ulibaki mdogo, wa vilima, na niliuacha mikononi mwa Saitoti na binamu zake. Sikufukuzwa na mtu. Niliamka asubuhi moja nikagundua sina hofu ya yule mtu mwenye cheti, nikaona hiyo ni siku nzuri ya kushuka mlingotini. Nina sukumawiki niliyopanda kwenye magunia, nina huyo kuku, nafundisha jirani mmoja mmoja akija. Ninalala vizuri. Kitasa bado nakishika mara mbili.

Nilipomaliza kuwaandikia haya nilimpigia Yeyo Nasieku nikamsomea yote, maana yumo ndani na nisingependa ayasikie sokoni. Alisikiliza akiitikia kila hatua. Nikafika mwisho.

"Nakerai," akasema, yaani mtoto wangu, "umeruka kitu."

Nikamuuliza nini.

"Ile amri yako. Umesema uliizima. Hujasema uliitoa."

Wadogo zangu, alikuwa amelenga penyewe. Sikuwa nimeifuta. Niliizima tu nikaiacha humo ndani ya kifaa cha kilimani, kwa sababu ilikuwa imeandikwa vizuri na moyo wangu haukukubali kufuta kazi safi. Miaka yote hiyo nilijua imelala pale. Yeyote ambaye angekikalia kile kifaa baada yangu angeweza kuiamsha kwa kubonyeza mara moja.

Nikampigia Saitoti. Nilianza kueleza kwa kuzunguka, akanikatiza.

"Hiyo? Nilifuta siku ile ya twiga, wewe ukichanganya saruji. Nilidhani unajua."

Nilimwomba aniruhusu niingie niangalie mwenyewe. Akacheka, akaniruhusu. Niliangalia. Haipo. Nikaangalia tena.

Kisha nikampigia Yeyo, nikampa habari kuanzia mwanzo.